Koti la Daktari

Shemeji yangu si daktari. Kazi yake ni kuwashika panya wa maabara na kuwatoa damu, basi. Lakini mtaani kwetu anaitwa Daktari, na akiitwa hivyo hukohoa kidogo kwanza ndipo aitike.

Jina alipewa na koti. Makoti meupe ya maabara hayaruhusiwi kuvuka geti, ila la kwake lilivuka kila jioni. Alipita nalo sokoni kwa mwendo wa bibi harusi, akifika nyumbani analitandaza kwenye kiti cha sebuleni, mlango wazi, wapita njia walione. Watu wakishalala, paka wa mkewe, dada yangu, analala juu yake.

Mimi naosha vizimba vya panya haohao, kwa hiyo yote yalitokea mbele yangu. Mama mtafiti alitaka kujua kitu kimoja: mnyama akiondolewa sehemu ya ubongo inayonusa, homoni za msongo wa mawazo zinapanda au zinashuka? Nusu ya panya walipasuliwa, nusu wakaachwa wazima. Yeye alitarajia waliopasuliwa ndio wahangaike. Majibu yakaja kichwa chini miguu juu: wazima ndio waliojaa homoni, waliopasuliwa wametulia tuli.

"Hao wazima wana woga wa kuzaliwa," shemeji alimweleza. Alimweleza! Mtu aliyeacha shule kwa kuogopa hesabu.

Mama mtafiti alikuwa anaitazama mikono ya koti la shemeji. Akachomoa unywele mmoja wa rangi ya chungwa.

"Unafuga paka?"

Debe tupu haliachi kuvuma, lakini siku hiyo lilikohoa tu. Kila alipoingia, panya wenye pua walikuwa wanasikia harufu ya paka anakuja. Wasio na pua hawakuwa na habari. Kazi ya mwaka mzima ikaharibika kwa sababu bwana mkubwa anataka kusalimiwa sokoni.

"Kesho uje na maelezo ya maana," mama alisema, "la sivyo usije kabisa."

Nyumba ile haina mshahara mwingine, na dada ana watoto watatu. Shemeji hakulala njaa wala hakukosa usingizi. Alisema tu, "Mke wangu, paka ni wako."

Asubuhi akamleta mkewe maabara. Dada yangu alisimama mbele ya yule mama, viganja pamoja kama mtoto wa shule.

"Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyemlazimisha alete koti nilifue. Yeye alikataa kabisa."

Shemeji akatikisa kichwa kwa huzuni, eti anavyoteswa na wanawake. Nilifungua mdomo. Dada akanikazia macho, nikarudi kusugua kizimba. Nilimdharau yule mwanamume.

Akasamehewa. Koti sasa linafungiwa getini. Paka alipelekwa kwa watu, watoto wakalia siku nzima. Kisha dada akanunua kitambaa cheupe, akamshonea mumewe koti jingine, la kuvalia njiani.

Jana nilimkuta analipiga pasi.

"Dada," nikasema, "kweli husikii harufu ya mtu huyu?"

Akainua koti, akalinusa kola kwa makini.

"Harufu gani tena? Paka si alishaondoka?"