Nyuso Zilizofutwa Hallingstead

Njia ilizidi kuwa nyembamba, matawi yakikwangua vioo vya gari pande zote mbili, na Rosalind Threlkeld hakukumbuka hata kona moja. Alikuwa amefika Hallingstead mara moja tu, miaka mitatu nyuma, akafanya kazi ya nusu siku, akaondoka na sifa ya maisha.

"Kushoto au kulia?" aliuliza Fergus, mwongozaji wa vipindi vyake vya runinga, mikono juu ya usukani.

"Unaniuliza mimi?"

"Si wewe uliyekifanya kijiji hiki kijulikane, Ros? Mimi dereva tu."

Rosalind hakucheka. Alikuwa amepigiwa simu na kasisi wa Hallingstead. Alikuwa bado hajamwambia Fergus walichozungumza.

Baba yake aliuza viatu Carlisle. Yeye alisomea sanaa ya kale, akafundisha miaka mingi katika vyumba vyenye giza, akiwaonyesha picha wanafunzi waliosinzia, mpaka siku mtu wa runinga alipomsikia akibishana na mtembeza wageni ndani ya jumba la makumbusho. Walipomweka mbele ya kamera ikaonekana amezaliwa kwa ajili hiyo. Aliiendea picha kama mtu anayekwenda kumsuta jirani. Waliomtazama jikoni kwao, sahani za mkate na maharage magotini, walimpenda kwa kuwa alisema kwa sauti yale ambayo wataalamu wenzake walinong'onezana. Na kama wenzake wote, aliamini kwamba kilicho chini ndicho cha kweli. Rangi iliyopakwa baadaye ni uchafu tu.

Ndivyo alivyokitazama kiambaza cha mbao cha Hallingstead, kile kinachowatenga waumini na madhabahu. Kilikuwa na watakatifu wanne waliochorwa zama za kale, kisha nyuso zao zikakwanguliwa kwa visu dini ya nchi ilipobadilika na picha za watakatifu zikapigwa marufuku. Rosalind alikuta mtu amezijaza upya: mashavu mekundu, masikio yaliyochomoza, nywele zilizopakwa mafuta. Mbele ya kamera aliangua kicheko. "Nani huyu," alisema, "aliyemtwika mtakatifu kichwa cha mnywa bia?" Taifa zima lilicheka naye. Baada ya kipindi wakubwa wa kanisa waliona haya, wakaita wasafishaji wa picha za kale. Nyuso mbili zilishaondolewa. Mbili zilizobaki zingeondolewa leo, mbele ya kamera, naye akieleza.

Kasisi alimwambia kwenye simu nyuso zile zilikuwa za nani.

Kanisani, mlangoni kabisa, alisimama mwanamke mzee mwenye sweta la kijani, birika mkononi. Kasisi alimtambulisha: Muriel Catchpole, anayepanga maua ya madhabahu.

"Karibu, mwanangu. Barabara ilikuwaje? Unaweka maziwa?"

"Bi. Catchpole, nimeambiwa kuhusu kaka yako."

"Reg. Wa pili kutoka kushoto. Kaa kwanza, chai itapoa."

Rosalind alitazama wa pili kutoka kushoto. Juu ya kanzu nzuri ya dhahabu palikuwa na ubao mtupu wenye michirizi ya visu. Chini ya rangi hapakuwa na kitu kilichokuwa kikisubiri kufunuliwa.

"Walikuwa vijana wetu wanne," alisema Muriel akimimina. "Hawakurudi kutoka vitani. Stanley Orford alikuwa akichora vibao vya baa, ndiyo kazi aliyoijua. Akasema hawa watakatifu hawana nyuso, na vijana wetu hawana makaburi."

"Mbona hamkuniambia siku ile?"

"Ulikuwa umefurahi mno. Tungekukatizaje?"

"Mngenikatiza tu!"

"Nilijaribu. Nilisogea na sahani ya biskuti, yule bwana wa kurekodi sauti akaniashiria kwa kidole mdomoni. Basi nikanyamaza. Halafu wakubwa walipouliza kama kuna mwenye pingamizi, kila mtu akangoja mwenzake aanze." Akampa kikombe. "Sisi ndivyo tulivyo. Wewe si mtu wa nchi hiihii? Unatujua."

Naam, aliwajua. Mama yake alikufa bila kumwambia daktari kwamba anaumwa, asije akamsumbua. Siku ile Rosalind angeweza kuuliza. Swali moja tu, hizi nyuso za nani, lingetosha. Lakini alikuwa amekwisha kuitunga ile kauli yake ya mnywa bia kwenye gari, kwa kutazama picha tu, kabla hata hajaliona kanisa.

"Una picha ya Reg?"

"Moja ya jeshini, amenuna. Stanley alimchora anavyocheka." Muriel alifuta tone la chai mezani. "Ila nina kanda ya kipindi chako. Mle anaonekana vizuri, kwa karibu kabisa. Namtazama Jumapili. Ila nazima sauti."

Rosalind aliweka kikombe chini.

"Tuko tayari, Ros!" Fergus aliita. Msafishaji alikuwa ameshafungua chupa zake, pamba mkononi, mbele ya uso wa tatu. "Unaingia kutoka kulia, unashangaa, yeye anaanza kufuta."

Aliingia kutoka kulia. Akasimama kati ya pamba na ule uso, akaitazama kamera.

"Nilikosea," alisema. "Niliwacheka wafu wa watu hawa bila kuuliza majina yao. Nyuso mbili zimepotea kwa sababu yangu. Hizi mbili ni za Wilfred Orford na Percy Thirkettle. Ni mali ya Hallingstead, na ninaliomba kanisa lisiziguse."

Fergus alikuna kichwa.

"Ndege ya jeshi ilipita ikaharibu sauti pale uliposema 'wafu'. Tunarudia?"

"Sirudii."

"Ros, kipindi hiki kinahusu kusafisha. Nitapeleka nini ofisini?"

"Hicho hicho. La sivyo hamna kipindi, wala mimi."

Kasisi alimshika bega msafishaji, akamwambia afunge chupa zake. Yule bwana alizifunga polepole, bila kulalamika, naye pia mtu wa nchi hiihii.

Rosalind alimwendea Muriel. Muriel alimtazama tu kwa upole uleule wa mlangoni, akasema, "Umefanya vizuri kwa Wilf na Percy."

Jina la Reg hakulitaja. Rosalind aliitikia kwa kichwa, akatoka, akaingia kwenye gari. Fergus aliliwasha.

Ndani ya kanisa, wanawake waliopanga maua pamoja na Muriel walisogea karibu na birika.

"Mwembamba kuliko runingani," alisema mmoja.

"Na alikuwa analia. Uliona, Muriel?"

"Niliona."

"Ungemwambia basi umemsamehe, maskini."

"Ningemwambia," alisema Muriel, akianza kukusanya vikombe, "kama ningekuwa nimemsamehe."