Maji ya Mtoto Mmoja

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zetu zilipangwa mstari kando ya njia ya zamani ya misafara, upande wa kwenda Nzega. Wazee walisema wapagazi waliokufa safarini walizikwa pale pale walipoanguka, kwa hiyo mashimo ya nguzo tuliyachimba kwa uangalifu. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Ilipofika mwezi wa saba, tumbo lilikuwa limepita la mwezi wa tisa, ngozi imevutika hadi inang'aa. Nililala nimeegemea ukuta, maana nikilala chali pumzi ilikatika.

Kwetu Unyamwezi tumbo la namna hiyo lilikuwa na jibu moja: mapacha. Na mapacha si jambo la nyumba moja. Wana watu wao, waliowahi kuwazaa, wenye dawa zao na nyimbo zao za matusi, ambazo mtu akiziimba siku nyingine atapigwa. Mama mkwe alikuwa mmoja wao. Aliwaita wenzake, wakanipaka unga usoni na kuimba mambo kuhusu mimi na mwanawe ambayo siwezi kuyaandika. Nilicheka hadi nikashika ubavu. Alitengeneza mbeleko mbili.

Mkunga wa zahanati aliniwekea tumboni pembe yake ya mti, akasikiliza kila upande, kisha akasema anasikia moyo mmoja tu.

"Huyo wa pili naye anakusikiliza wewe," mama mkwe akamwambia. Tulicheka wote, hata mkunga.

Uchungu ulipokuja, maji yalimwagika mengi mno, yakapita chini ya mlango hadi uani. Akatoka mtoto mmoja wa kiume, mdogo, mwenye viungo vyote. Mama mkwe aliendelea kunikanda tumbo akimtafuta mwenzake. Mtoto alinyonya kwa bidii, na kila alichonyonya alikitapika, matapishi ya kijani kibichi. Wakasema anayakataa maziwa kwa sababu anamngoja ndugu yake. Alifariki kabla kitovu hakijadondoka, na hakuacha kutafuta titi mpaka nguvu zilipomwishia.

Hakuna aliyenilaumu waziwazi. Lakini mama mkwe alipowataja wajukuu zake, wangu alisema ni wawili: aliyezikwa na aliyebaki. Kabaki wapi, hakusema. Alinitazama tumbo tu. Sikushika mimba nyingine. Mara kadhaa, nikiwa peke yangu kwenye shamba la pamba, nilihisi kitu kinageuka ndani yangu, nikaweka jembe chini na kungoja.

Kusoma nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima. Nilipomaliza vitabu vya kilimo na vya choo bora, nilimwomba mkunga aniazime kitabu chake cha ukunga, nikakisoma taratibu, kila ukurasa mara mbili. Humo nilikuta kwamba mtoto akiwa tumboni huyameza maji yanayomzunguka. Utumbo wake ukiwa umeziba, maji hayo hayana pa kupita, nayo huzidi kujaa, na tumbo la mama huwa kubwa kuliko umri wa mimba. Kitabu kilisema pia kwamba tumbo kubwa huweza kuwa mapacha. Sentensi hiyo nayo niliisoma mara mbili.

Miaka ikapita. Baada ya vita, wakati duka la kijiji lilipokuwa halina sabuni wala chumvi, wifi yangu, binti wa mwisho wa mama mkwe, alishika mimba na tumbo likawa vilevile. Watu wa mapacha walikwisha kuarifiwa, na ikaamuliwa kwamba atajifungulia nyumbani. Nilimweleza mama mkwe nilichosoma, na kwamba hospitali kubwa ya kule ziwani ina mashine ya kumwona mtoto kabla hajazaliwa.

"Hicho kitabu chako kimezaa mara ngapi?" aliniuliza.

"Hakijazaa, mama. Mimi ndiye niliyezaa, mara moja."

Alipepeta mtama wake hadi ukaisha ungoni. Kisha akasema nimpeleke binti yake.

Tulipanda treni Tabora. Hospitalini daktari alimpaka wifi kitu cha baridi tumboni akapitisha kifaa juu yake, na kwenye kioo ikatokea picha ya kijivu yenye chengachenga. Katikati yake palikuwa na duara mbili nyeusi, zimekaribiana. Wifi alinishika mkono.

"Wawili, wifi. Si mama alisema?"

Daktari akasema mtoto ni mmoja. Duara zile ni maji aliyoyameza: moja ni tumbo lake, ya pili ni mwanzo wa utumbo, na mbele ya hapo pameziba. Alipokuwa bado anaonyesha kwa kidole, kinywa kidogo kwenye kioo kilifunguka, kikajifumba.

"Anakunywa," alisema daktari.

Basi na wangu alikuwa akinywa, muda wote tulipokuwa tukiimba.

Daktari alitaka wifi abaki ajifungulie pale, mtoto asipewe titi, apasuliwe mapema. Wengine hupona, alisema. Mama mkwe alitufuata kwa treni. Nilimweleza nilichokiona.

"Na wako alikuwa hivyo?"

"Nadhani hivyo, mama."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Hakumtaja tena yule wa pili, siku hiyo wala nyingine yoyote. Nilikuwa nimeyangoja hayo miaka mingi, na yalipofika nilijikuta nimefiwa upya.

Mtoto wa wifi alizaliwa, akapasuliwa, na baada ya siku nyingi za mipira puani akaruhusiwa maziwa ya mama yake kwa kijiko. Yalikaa. Mama mkwe alipiga kigelegele, muuguzi akamnyamazisha. Wifi akaninyooshea mtoto nimpakate. Nilimwambia mikono yangu michafu, aningoje ninawe. Nilikuwa nimetoka kunawa. Leo kijana huyo ananishinda urefu, na huniamkia kila tukikutana, na bado sijamshika.