Mama Kopi na 'Toa' Isiyotoa

Saa moja kasoro robo asubuhi. Mama Kopi anainua mlango wa bati wa duka lake, anapangusa kioo cha kompyuta kwa kitambaa, anabonyeza kitufe cha kuwashia, kisha anarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyewasha jiko la mafuta ya taa asiloliamini.

Maandishi meupe yanaanza kuteremka kwenye kioo cheusi, mbio mbio, mstari juu ya mstari.

"Hapo inaongea peke yake," anamwambia mwandishi bila kugeuka. "Usiiguse. Ikimaliza itatuita."

Inamaliza. Anavuta kiti, anachomeka flashi yake, anashika kipanya, anafungua dirisha la mafaili na kuupeleka mshale pembeni, mahali pamoja tu. Anasoma neno moja. Anatikisa kichwa.

"Bado," anasema, ndipo anapokumbuka chai yake.

Huu ni mwezi wa pili anaanza siku hivyo. Anatafuta nini, msomaji atajua mbele. Kwanza ajue yaliyompata mama huyu, hasa kama naye ana mtoto aliyerudi nyumbani na cheti cha kompyuta na moyo wa kusaidia.

Duka lenyewe lina upana wa vitanda viwili. Mna meza, benchi la wateja, mashine ya kopi, na printa kuukuu anayoiita Bibi kwa sababu inakohoa kabla ya kusema. Kazi ni kupiga chapa barua, wasifu wa waomba kazi na kadi za mialiko, na kutoa kopi. Ameifanya miaka kumi na moja, kwa elimu ya darasa la saba na vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwake kila kitu duniani hupimwa kwa kopi. Kilo ya sukari ni kopi thelathini. Siku nzuri anatoa mia nne, siku mbaya hazifiki hamsini.

Kinacholishikilia duka ni shule ya msingi iliyo mtaa wa nyuma. Mara tatu kwa mwaka mwalimu mkuu humletea mitihani: wanafunzi mia na arobaini, masomo sita.

"Hiyo ndiyo nguzo," anasema. "Mengine yote ni makuti."

Mwaka jana nguzo hiyo ilianza kutikisika. Kompyuta yake ilikuwa na mfumo wa kuiendesha ambao fundi mmoja aliupachika kwa njia za panya, na virusi vilijaa ndani kama kunguni kwenye godoro la bweni. Mteja akichomeka flashi, inatoka mgonjwa. Watu wakaacha kumwita Mama Kopi, wakamwita Mama Virusi. Mshona viatu wa mlango wa pili akawa akimwona mtu anakuja na flashi mkononi, anamuuliza, "Umeichanja hiyo?"

Binti yake wa pili, aliyekuwa ametoka chuo akitafuta kazi, akaona uchungu.

"Mama, nitakuwekea mfumo huria. Hauingiwi na virusi ovyo. Tena ni bure."

"Huria kama soko huria?"

"Huria, mama. Yaani ni wa watu wote."

"Cha watu wote hakina mwenyewe, mwanangu. Kikiharibika nakipeleka kwa nani?"

"Kwangu."

"Na wewe ukiondoka?"

"Mama, ni dakika ishirini tu."

Wazazi, hapo ndipo pa kusimama. Mtoto akikwambia dakika ishirini, ficha waya wa umeme. Dakika ishirini za binti huyu zilianza Jumamosi asubuhi, zikaisha Jumatatu jioni.

Jumanne mashine ikafungua siku kwa kusema: Printa haijulikani.

"Haijulikani?" Mama Kopi bado anashangaa akisimulia. "Bibi ana miaka tisa humu ndani. Anajulikana mtaa mzima."

Binti alikuwa amemwachia karatasi ya maelekezo: andika maneno haya, kisha andika nywila. Akaandika maneno. Alipofika kwenye nywila, akapiga herufi, hakuna kitu. Akapiga kwa nguvu, hakuna kitu. Hata kinyota kimoja. Akaamua kibodi imekufa, akaenda kununua nyingine kwa bei ya kopi mia tatu. Nayo ikafa palepale.

"Mama, hazijafa," binti akamwambia jioni. "Inaficha nywila ili mtu asiione."

"Mtu gani? Humu ndani niko peke yangu."

"Basi na wewe hutakiwi kuiona."

"Nywila yangu mimi?"

Kibodi ile mpya iko chini ya benchi mpaka leo, ndani ya boksi lake. Hataki kuirudisha dukani kwa sababu ataulizwa ilikuwa na ubaya gani.

Siku mbili zikapita ndipo Bibi na mfumo huria wakatambulishwa wakakubaliana. Halafu yakaja mambo ya miandiko. Ule mwandiko wa mikunjo ambao mabibi harusi wote wanaupenda haukuhamia kwenye mfumo mpya. Badala yake ukaja mwingine, mnene. Kadi moja ya harusi ikavimba mpaka jina la bwana harusi likasukumwa ukurasa wa pili, likakaa huko peke yake.

Mama wa bibi harusi aliitazama ile kadi ukurasa kwa ukurasa. "Hata sisi nyumbani," akasema, "tulikuwa na wasiwasi kwamba atakimbia."

Yote hayo angeyavumilia. Kilichomtoa jasho ni lugha yake mwenyewe.

Binti, kwa mapenzi tu, alikuwa ameiwekea kompyuta Kiswahili. Mama Kopi alikuwa ameishi na yale maneno ya kigeni miaka kumi na moja kama mtu anavyoishi na majirani wasiosalimiana naye: hajui maana yao, ila anajua kila mmoja anakaa wapi. "Nilijua la nne kutoka chini ndilo la kutoa," anasema. Sasa majirani wote wakawa wanaongea Kiswahili, na hapo ndipo alipopotea.

Muhula uliopita, siku ya mtihani wa hesabu, mwalimu mkuu aliingia dukani saa mbili asubuhi na flashi mkononi. Alikuwa amesahihisha maswali hadi dakika ya mwisho. Mtihani ulikuwa uanze saa nne. Alikaa kwenye benchi, akaweka kofia yake gotini.

"Mama Kopi, sikufichi," akasema. "Kamati ya shule imeniambia nikikwama leo, nihamie duka la ng'ambo ya barabara. Lile lenye printa ya rangi."

"Hukwami, mwalimu."

Binti hakuwepo. Asubuhi hiyo alikwenda kwenye usaili wa kazi.

Mama Kopi akachomeka flashi, akafungua mtihani, akaenda kutafuta pa kutolea. Akakuta neno: Chapisha. Akaachia kipanya.

"Kuchapisha ninakokujua mimi ni kwa magazeti," anaeleza. "Sasa mtihani wa watoto wa watu niuchapishe, uende wapi? Kesho si niko kituo cha polisi naulizwa nani kavujisha?"

Akaufunga mtihani haraka. Akarudi kwenye dirisha la mafaili. Pembeni, karibu na jina la flashi, palikuwa na kamshale kadogo kanakotazama juu. Alipokagusa na kipanya, likajitokeza neno moja: Toa.

"Nikasema, kumbe liko hapa, limejificha tu. Kazi yangu ni kutoa kopi. Nikatoa."

Flashi ikatoweka kwenye kioo. Mtihani ukaenda nayo. Bibi hakukohoa. Badala yake yakatokea maandishi: Sasa ni salama kuondoa kifaa.

Mama Kopi akaangaza macho humo ndani. Kifaa chenye matatizo alikijua kimoja tu. Akainama, akachomoa waya wa Bibi ukutani.

Mwalimu mkuu akamtazama. "Hiyo ndiyo njia mpya?"

"Ndiyo, mwalimu. Mfumo huria."

Kisha akatoka nje kupiga simu. Binti akapokea kwa kunong'ona.

"Mama, nimebakiza mtu mmoja niingie."

"Mtihani umetoka."

"Si ndiyo vizuri?"

"Umetoka, haujatokea."

"Umebonyeza nini?"

"Toa."

"Mama, toa siyo toa. Hiyo toa ni ya kuchomoa flashi. Ukitaka kutoa, bonyeza chapisha."

"Chapisha siyo kutangaza?"

"Siyo. Chapisha ndiyo toa."

"Na toa ndiyo chomoa."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini wasiandike chomoa?"

Upande wa pili jina likaitwa. Binti akaanza kuharakisha. "Wameniita. Chomoa flashi, chomeka tena, fungua mtihani, chapisha. Na Bibi mrudishie umeme."

Saa tatu kasoro dakika kumi. Mama Kopi akafuata kila neno. Alipofika kwenye Chapisha, akamgeukia mwalimu. "Ushuhudie mwenyewe. Nimeambiwa." Akafumba macho, akabonyeza.

Bibi akakohoa mara tatu. Karatasi ikatoka.

Nyingine zikapita kwenye mashine ya kopi, na saa nne kasoro dakika tano mwalimu mkuu aliondoka amekumbatia mitihani mia na arobaini, kofia ameisahau kwenye benchi.

Ingekuwa hadithi, ingeishia hapo. Lakini mfumo ule ulikuwa na lake la mwisho. Alama ya robo tatu haukuijua, ukaweka kasanduku kadogo. Swali la kumi na mbili likawa: Tafuta kasanduku ya ishirini. Watoto wengi waliandika chochote. Mmoja akaandika, kwa mwandiko safi, kwamba haliwezi kujibiwa mpaka sanduku lifunguliwe.

Mwalimu mkuu akawapa wote alama ya swali hilo. "Nimefundisha miaka ishirini na mbili," anasema. "Hilo ndilo swali la kwanza ambalo hakuna aliyelikosa." Wastani wa shule ukapanda, kamati ikanyamaza, na mitihani haikuhamia ng'ambo. Ila siku hizi anakuja mapema kwa saa nzima, na kopi ya kwanza anaisoma mwenyewe kwa miwani.

Virusi havijarudi, lazima isemwe. Mshona viatu amekosa la kuuliza.

Binti alipata ile kazi. Mwezi ujao anahamia huko, safari ya siku nzima kwa basi. Mama yake anayo furaha, na anayo hofu ya kubaki peke yake na cha watu wote. Kwa hiyo ameanza daftari. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa kalamu nyekundu: Chapisha, haitangazi. Nywila, haionekani, piga tu. Toa, haitoi.

Ni kwenye kuandika daftari hilo binti alipomwambia kwamba maneno yale yaliwekwa na watu wa kujitolea, na yeyote anaweza kuwapelekea pendekezo. Wakakaa pamoja wakaandika: "Mimi ni mpiga chapa. Kwetu sisi kutoa ni kutoa kopi. Flashi haitolewi, inachomolewa. Naomba muandike Chomoa."

Majibu yalikuja. Mmoja alishukuru. Mwingine akapinga, akasema Toa ni neno fupi zaidi. Mama Kopi akamjibu mwenyewe, kwa vidole viwili: "Hata kufa ni neno fupi." Shauri hilo, wakamwambia, litajadiliwa.

Kwa akina mama wenzake ana onyo moja tu. Hasemi wawakatalie watoto wao. "Ila kabla hajaondoka," anasema, "mwambie akuonyeshe toa iko wapi. Umwone anaibonyeza yeye."

Mteja wa kwanza anaingia na flashi yake. Mama Kopi anaipokea, anaichomeka, na kabla ya yote mshale unarudi tena pale pembeni. Toa.

"Bado," anasema. "Lakini walisema ni cha watu wote. Basi na mimi ni watu."