Senti Tano kwa Kila Sindano

Shilingi mbili na senti kumi. Hizo ndizo nilizomtoza mama yangu, na nimezihesabu mara mbili. Hadi leo nikinusa kitambaa kipya cha marekani, ile harufu yake ya wanga na ghala, zinaniwasha kiganjani.

Tuliishi Mundika, miaka michache baada ya uhuru. Mama alidarizi vitambaa vya viti. Mke wa karani mmoja pale Busia akaagiza kumi na viwili kwa shilingi arubaini, na arubaini hizo ndizo zilizokuwa ada ya dada yangu Nekesa, aliyekuwa ameitwa sekondari.

Kazi yangu ilikuwa kumtilia mama uzi kwenye sindano. Aliniita mara nyingi mno, nami nikaona ni uvivu. Jumamosi moja nilishinda mpakani, nikaona matanboi wa malori hawagusi gunia kabla ya kuonyeshwa sarafu. Nikarudi nyumbani na bei.

"Senti tano, mama."

"Hata mimi niliyekuzaa?"

"Tanboi naye alizaliwa."

Alicheka, akalipa kutoka pesa za chumvi. Kisha akaanza kuniita mara chache, nikadhani soko limepoa. Kumbe alikuwa anakata uzi mrefu, pima nzima, ili sindano moja imalize ua zima. Uzi mrefu hujisokota, hufunga mafundo, huvuta kitambaa kikakunjamana. Aliyapapasa mafundo kwa kidole, akayakata, yakaja mengine.

Mke wa karani aligeuza cha kwanza, akageuza cha pili. "Mama Nekesa, mbele maua, nyuma kichaka." Akatoa shilingi kumi, akasema atavifutia meza. Nikaingilia, nikambana mpaka kumi na tano, na njia nzima ya kurudi nilitembea mbele kama mshindi. Mama alinifuata akiipapasa njia kwa miguu.

Shule zilifunguliwa bila Nekesa. Alipalilia pamba za watu misimu miwili, halafu akaolewa Namboboto.

Nilikuwa na miaka arubaini na tano sindano iliponigomea mimi mwenyewe, tundu likawa ukungu mtupu. Ndipo nikajua mama hakuwa mvivu. Alikuwa haoni. Na wakati huo alikuwa ameshazikwa.

Nekesa yu hai. Mpaka leo humlaani mke wa karani kwa kumnyima shule, nami huitikia, nikimwongezea chai. Habari za senti tano hazijui. Amezeeka, na moyo wake unamsumbua. Nyinyi mngekuwa mimi, mngemwambia?