Kapiteni Hakimbii

Harufu ya karatasi kuukuu bado inanirudisha Gitega, barazani pa duka la vitenge la baba. Nilikuwa na kitabu cha katuni cha kikosi cha wanajeshi wanaoruka angani. Kiliandikwa kwa Kifaransa, nami nilikuwa sijakijua. Nilitazama picha tu, nikawatungia wenzangu maneno kwa Kiswahili, kapiteni wa kikosi akiwa shujaa asiyekimbia.

Siku moja binamu yangu mkubwa akaja kutoka Muyinga. Akasoma, akacheka.

"We unadanganya! Hapa kapiteni anakimbia."

Sikufunga kitabu. "Kwangu mi hakimbii."

"Kaka, nyamaza," wenzangu wakamwambia. "Acha tusikilize."

Akakaa chini, amenuna. Nikafungua ukurasa uliofuata, nikaendelea. Baadaye nikamsikia akiuliza polepole, "Halafu kapiteni akafanya nini?"