Babu Yetu wa Kwenye Jiwe

Jamani, leo ukoo wetu umepoteza shujaa mbele ya washenga!

Nyumbani kwetu Mhunze tuna kipande cha jiwe la kale. Kimechongwa mtu yuko juu hewani, kashika fimbo. Baba mdogo Masanja ametulea akituambia huyo ni babu yetu, anamrukia simba aliyebaki kwenye kipande kilichopotea.

Leo washenga wa mchumba wangu wamefika kutoka Katoro kuleta posa. Salamu hazijaisha, baba mdogo keshaleta jiwe lake sebuleni.

"Mnaoa kwa watu wasiojua kukimbia!"

Mimi huko chini ya kitenge natabasamu tu.

Mara kaka yangu Doto, aliyekuwa nyuma ya nyumba anachimba shimo la choo, akaingia na tope mpaka magotini.

"Baba mdogo, nimepata kipande kingine!"

Akakiunganisha na kile cha kwanza pale pale mezani. Vikakaa sawasawa.

Simba ana pembe.

Na kiwele.

Ni ng'ombe, ndugu zangu! Na pembe moja iko kwenye makalio ya babu. Kumbe hakuruka. Alirushwa!

Mama akakohoa. Nikajua ndoa ndiyo imekwisha.

Mshenga mkubwa akalisogelea jiwe, akaliangalia weee, kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo... alipona?"

Baba mdogo akajiweka vizuri kwenye kiti. "Sasa asingepona, huyu binti mngemkuta wapi?"

Washenga wamecheka mpaka chai ikamwagika. Posa imepokelewa.

Haya, nanyi semeni ukweli: babu zenu walirushwa na nini?