Karata Chini ya Paja

Baba yetu alikuwa fundi saa, na kwenye karata alikuwa mwizi. Nasema hivyo kwa mapenzi. Nyumba nzima tulijua, mpaka wajukuu, na hakuna aliyefungua mdomo.

Karata yetu ni nyepesi. Kila mtu anagawiwa tano, moja inalazwa mezani, na zamu yako ikifika unatupa inayolingana nayo kwa ua au kwa namba. Huna? Unaokota kwenye rundo. Ukibakiwa na moja unatamka "Moja!" kwa sauti, ukisahau, unaokota mbili. Anayebaki wa mwisho na karata mkononi ananyanyuka, anakwenda jikoni na kuwaletea wote chai kwenye sinia, bila kusaidiwa.

Sinia hiyo ndiyo iliyomfanya baba awe mwizi. Mikono iliyozoea kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele ilianza kutetemeka, akafunga kibanda chake akisema macho yamechoka. Hakutaja mikono, nasi hatukumwuliza. Basi karata zikimwelemea, alitelezesha moja chini ya paja, akatamka "Moja!" kama mtu mwenye haki zake, na sisi tukajitia kutazama dari.

Dada alipoolewa alituletea shemeji, mchomeleaji wa mageti, mtu wa watu ila mdomo wake hauna breki. Siku ya kwanza kucheza nasi alikuwa na hamu kubwa ya kupendwa. Dada hakumwonya. Labda alisahau, labda aliona haya kumsema baba yake.

Wakabaki wawili, shemeji na baba. Baba akatupa pau ya sita. "Nimemaliza."

Shemeji akacheka. "Baba, hebu nyanyuka kidogo. Naona kuna abiria umemkalia!"

Alicheka peke yake. Baba alijiinua polepole, akaitoa uru ya tisa, akaiweka mezani.

"Kweli," akasema. "Chai ni yangu." Akaenda jikoni.

Shemeji alitutazama usoni mmoja mmoja, hakuona hata mmoja aliyemtazama. Kisha vikombe vikasikika vikigongana kwenye sinia, kabla baba hajafika mlangoni akirudi. Hapo akaelewa. Akaruka.

"Baba, lete nibebe mimi!"

"Kaa," mama akamwambia, bila kupandisha sauti. "Wewe ndiye uliyemtuma."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliona aibu kwa ajili ya shemeji, kwa ajili ya baba, na zaidi kwa ajili yetu sisi, wenye huruma iliyoishi kwa kunyamaza. Sinia ikafika mezani. Baba akainua birika, akaanza na mgeni. Mdomo wa birika ulicheza huku na huku, chai ya moto ikamwagika juu ya mkono wa shemeji.

"Nimekuunguza?"

"Hata kidogo, baba. Haijanigusa."

Akakishika kikombe kwa mkono uleule, akanywa, machozi yakimlengalenga. Baba aliutazama ule mkono uliokuwa ukiiva mbele yake. Akaweka birika chini, akatugeukia.

"Na ninyi," akauliza, "mmeanza lini kujitia hamuoni?"

Tuliinamia vikombe vyetu, na vilikuwa vitupu.